Gunia la Majani Mabichi

Kwa Dada mpendwa,

Pokea salamu zangu, na tafadhali uzipokee ukiwa umekaa kitako, maana barua ni ndefu na wewe una tabia ya kusoma umesimama mlangoni, mkono mmoja karatasi, mkono wa pili ndoo. Iweke chini hiyo ndoo, Dada. Mgongo unasemaje? Ile dawa ya kuchua uliyolalamika kwamba inanuka kama taa iliyozimika imekusaidia, au imefukuza wageni tu? Na ndama ameshaachishwa, au bado anamwandama mama yake kama nilivyokuandama mimi baada ya Mama kutuacha, hata kisimani nikawa nakwenda nimeshika pindo la nguo yako?

Sisi huku ni wazima kwa kadiri yetu. Wifi yako anakusalimu sana, ila anasema mara nyingine salamu zake usizipitishe kwangu kwa sababu huwa nazila njiani. Watoto wanamwamkia shangazi yao. Mimi mwenyewe sina homa wala kikohozi. Tumbo linazidi kunitangulia, nywele zinazidi kuniaga, na usingizi umeanza kuja kwa kubembelezwa. Hilo la usingizi ndilo lililonifanya nitafute kalamu.

Utajiuliza mbona nimeandika na simu ninayo. Dada, unanijua. Kwenye simu mimi ni hodari wa mzaha. Ukiniletea jambo zito nakurudishia utani, unacheka, tunaagana, na jambo lenyewe linabaki pale pale limekodoa macho. Karatasi haicheki. Basi nimekaa kwenye meza ya stoo hapa kituoni kwetu kwa utafiti wa mahindi, saa nane mchana, katikati ya ndoo na marobota ya chandarua, nimeomba karatasi kwa karani, na nimefunga mlango.

Habari ya Jumamosi nimeipata. Uliniambia kikundi chenu cha wakulima kimekubaliana kwa sauti moja kwamba wewe ndiye uwe mtunza mbegu mpya kabla msimu haujaanza, na kwamba wanataka nije, tena nije na koti langu jeupe, nisimame mbele niseme maneno mawili ya kitaalamu kabla hujakabidhiwa ufunguo wa ghala. Ulifurahi mpaka sauti ikapanda kama ya msichana. Nami, kwa ule ule ubingwa wangu wa simu, nikakujibu kwamba nitasema maneno manne, mawili ya bure. Ukacheka. Sasa nasema bila mzaha: koti sitakuja nalo. Maneno nitakuja nayo, lakini ni lazima uyasikie wewe kwanza, peke yako, kabla watu hawajakusanyika. Ukishayasoma, huenda huo ufunguo usiutake kabisa. Na mimi huenda usinitake pia.

Nianze na koti, maana maovu yangu mengi yalianzia humo.

Siku nilipopata kazi hapa nilikuja kukuonyesha koti lenye nembo mfukoni, na yule jirani yako mshona nguo akauliza kama mdogo wako amekuwa daktari. Ukamjibu kwamba ndiyo, daktari wa mimea. Nilikuwa hatua tatu tu, nilisikia vizuri, na nilipaswa kusahihisha. Badala yake nikakohoa kidogo na kuinyoosha kola. Tangu siku hiyo nimevaa kilemba cha ukoka miaka kumi na sita, na sikuwahi kuhisi uzito wake. Kwenu nimeletewa migomba iliyonyauka, nimeletewa kuku anayepiga chafya, mzee mmoja hata akanifungulia mdomo nimtazame jino. Vyote nimevitazama kwa uso wa mazishi, nikatikisa kichwa, nikasema ni vema kungoja kidogo.

Mimi si daktari wa kitu chochote, Dada. Mimi ni mfuga wadudu. Madaktari wapo hapa, wana vyeti ukutani na miwani kwenye kamba. Mimi nina brashi, ndoo, na vizimba ishirini na vinne vya chandarua.

Mifugo yangu ni mdudu mmoja tu. Jina lake la kitaalamu ni refu, mimi hulitamka kwa kuumauma. Sisi wa ndoo na brashi tunamwita kirukaji. Ni mdogo kuliko punje ya mchele, rangi yake kama jani lililoanza kukauka, na kichwani ana nukta mbili nyeusi. Ukimkaribia hakimbii mbele kama wadudu wengine. Anakwenda upandeupande, anazunguka nyuma ya jani, kama mtu aliyemwona anayemdai maamkizi. Ukisogea tena, anaruka. Maisha yake yote ni kufyonza utomvu wa majani, na kwa kufyonza tu asingekuwa na kesi na mtu. Ubaya ni kwamba akifyonza hindi lenye ugonjwa wa michirizi anaubeba ugonjwa ule mwilini mwake mpaka siku ya kufa. Yeye mwenyewe hauugui hata siku moja. Anakula, anazaa, anaruka, na kila hindi changa atakalotia mdomo linaanza kupata mistari ya manjano, linadumaa, halibebi.

Sasa wataalamu wetu wanatafuta mahindi yasiyougua, na ili wayajue ni lazima kwanza wayatie ugonjwa. Kuyatia ugonjwa ni kazi ya virukaji. Kuwalisha virukaji ni kazi yangu. Nawapandia miche ya uwele kwenye madebe, wanakula, wanataga. Vizimba vyenye utepe mweupe ni vya wadudu safi. Vyenye utepe mwekundu ni vya wale waliokwisha kulishwa ugonjwa. Na sheria ya nyumba ile ni moja, nimeifuata hata nikiwa na homa: unaanza na weupe, unamaliza na wekundu. Aliyegusa wekundu harudi kwa weupe. Anavua, ananawa, anakwenda zake nyumbani. Uwele uliozidi kwenye safu ya weupe tunaruhusiwa kuchukua tukalishe mifugo yetu. Wa wekundu unafungwa kwenye mifuko myeusi, unaanikwa juani siku tatu mpaka uive kama mboga, ndipo unatupwa.

Nakusimulia haya yote ili utakapofika mbele usiseme nilikuficha kwa maneno ya kitaalamu.

Unakumbuka nilivyokuja mwanzo wa msimu uliopita. Ng'ombe alikuwa ametoka kuzaa, mvua zilikuwa za wiki ya pili tu, na ulikuwa umenilalamikia kwamba nyasi hazijaota, ng'ombe anatafuna mabua makavu na maziwa hayashuki. Mahindi yako yalikuwa na majani manne manne. Nikaja Ijumaa na gunia begani, limeloweshwa maji lisinyauke, limejaa uwele mbichi. Na koti nimevaa, ndani ya basi lililojaa vumbi, kwa sababu lilikuwa jipya na nilitaka nishuke kituoni nalo.

Alikuwepo pale kwako, anakaza bawaba za lango. Namsema Mtunza Mbegu. Nilikutania jioni ile kwamba mwanamume anayekaza lango ambalo halijalegea ana jingine analolikaza, ukanirushia mwiko. Lakini nilifurahi, Dada. Tangu shemeji afariki sikuwa nimekuona ukichana nywele siku ya kazi. Yule bwana, na maneno yake ya kuhesabu kama vidonge, aliniamkia, akanitua gunia, akalibeba yeye mwenyewe mpaka zizini. Akalimwaga pale ukingoni, hatua mbili kutoka mstari wa kwanza wa mahindi, akachukua jani moja akalivunja, akasema ni laini, ng'ombe atafurahi. Akanishukuru. Kwa niaba yako, alisema. Ukajitia hukusikia.

Baada ya wiki sita ulinipigia simu ukasema mahindi yameota mistari kama nguo za wafungwa. Nilipokuja nilizunguka shamba lote. Kwa nje nilikuwa Daktari, mikono nyuma. Yaliyokuwa karibu na zizi yalikuwa yamekwisha, mafupi, ya manjano, yamejikunja. Kadiri nilivyosogea mbali nalo yalikuwa afadhali, lakini ugonjwa ulishavuka mpaka umeingia kwa mshona nguo na kwa wale wawili wa juu yake. Ng'ambo ya kijito, kwa Mtunza Mbegu, palikuwa kijani kitupu.

Mkutano pale ghalani unaukumbuka kuliko mimi. Mwenyekiti wenu, yule mama mnayemwita Honi, alisema mbegu zote zimetoka kwenye madebe ya mtu mmoja, sasa mtu huyo aeleze. Mtunza Mbegu alisimama na kofia mkononi. Alisema miaka kumi na tisa ametunza mbegu ya kikundi, ile ile iliyokuwa ya mama yake, anachagua mahindi ya katikati ya shamba na punje za katikati ya gunzi, madebe anayaning'iniza juu ya moshi, na haijawahi kutokea. Akasema kama ni mbegu, mbona shamba lake mwenyewe, la debe lile lile, ni zima? Hapo yule kijeba wa duka la misumari akapaza sauti kwamba ndiyo hasa, alijiwekea nzuri akatugawia makapi, na watu wakaguna. Wewe hukuguna. Ulimtazama tu. Ulikuwa umepoteza shamba zima, macho yamevimba, na ulikuwa unangoja mtu akuambie kwamba sivyo.

Ndipo Honi akasema tusibishane kama watoto, Daktari tunaye hapa, aulizwe. Je, ugonjwa huu unaweza kutoka kwenye mbegu?

Hautoki kwenye mbegu, Dada. Hata mimi wa ndoo na brashi najua. Kirukaji ndiye njia yake. Ungeweza kuchukua punje kutoka kwenye hindi lenye ugonjwa, ukaipanda mahali pasipo mdudu, ikaota safi. Jibu hilo lilikuwa mdomoni mwangu, tayari. Nikaweka mikono mifukoni mwa koti, nikawatazama watu, nikasema inawezekana.

Neno moja tu. Niliponyamaza ulivuta pumzi, nikaisikia. Kilichofuata hukukitazama mpaka mwisho, lakini mimi nilikitazama. Mlikwenda kwake wote. Madebe saba yalishushwa kutoka kwenye moshi. Honi alitaka yachomwe, ukasema hapana, yamwagwe kijitoni, na ukalimwaga la kwanza kwa mkono wako. Yeye alisimama mlangoni akishika kofia ile ile. Ulipompita ukiwa na debe tupu alisogea kidogo ili upite.

Sasa yafuatayo huyajui.

Wiki mbili baadaye nilikuwa kwenye dirisha la mapokezi, karani amekwenda kunywa chai, nikamwona anavuka uwanja. Amevaa viatu vya heshima, ana bua la hindi limezongwa kwenye gazeti. Aliniamkia vizuri kuliko nilivyostahili. Alisema haniombi nigeuze niliyosema, maana mimi ndiye msomi, ila anaomba kituo kimwandikie karatasi, mistari miwili, yenye muhuri, iseme kama ugonjwa unapita kwenye mbegu au haupiti. Chochote itakachosema ataipeleka kwa kikundi. Nikamwambia mtaalamu husika amesafiri. Mtaalamu husika alikuwa chumba cha pili, anapiga mswaki wa kijiti baada ya chakula.

Alirudi baada ya siku kumi. Nikamwambia muhuri umeharibika. Akaniuliza, kwa upole kabisa, muhuri huwa unaharibika vipi. Nikamweleza, Dada. Nilimweleza kwa kirefu, nikatumia mpaka mikono.

Mara ya tatu nilimwona kwa mbali, nikaingia nyumba ya vizimba nikajibanza nyuma ya chandarua. Nilimsikia karani akisema kwamba nipo, ametoka kuniona sasa hivi. Nikahama upandeupande kutoka kizimba hiki mpaka kile, pole pole, mpaka nikawa nyuma ya mlango. Kule ndani kulikuwa na virukaji elfu mbili, na sidhani palikuwa na mmoja aliyejificha vizuri kuliko mimi. Alingoja saa nzima kwenye benchi. Alipoondoka, karani akaniletea kopo la majani ya chai lililofungwa kwa uzi. Ndani mlikuwa na punje arobaini na kikaratasi. Aliandika kwamba hizi ndizo zilizobaki, zilikuwa zimenasa kwenye mshono wa debe moja, basi anaomba zipandwe huko mahali pasipo na mdudu, tuone.

Wiki ile ile ukaniambia kwenye simu kwamba amefunga nyumba na kuhamia kwa binti yake. Ulisema kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa. Nikakwambia shauri yake. Mungu anisamehe, nilisema hivyo.

Nilizipanda. Sijui kama ni moyo uliniuma au nilitumaini zitaota na mistari ili nipate kulala. Nilitafuta kizimba kipya kabisa mwisho wa safu, nikakishona tundu zote kwa mkono, nikawa nawahi asubuhi kuzimwagilia kabla sijagusa chochote. Ziliota thelathini na nane. Wiki ya tatu zilikuwa kijani. Zilipofikia umri ambao yako yaliota mistari, huku zilikuwa kijani kiasi cha kuumiza macho. Mle ndani hakuna upepo, hivyo zilipotoa mbelewele nikawa naingia kila asubuhi, natikisa moja moja juu ya nywele za mahindi kwa mkono wangu. Nimepata magunzi ishirini na matatu, mafupi, mengine hayazidi kidole gumba. Lakini punje zake ni zile zile alizokuwa nazo mama yake Mtunza Mbegu.

Kwa hiyo haikuwa mbegu. Hilo ungeweza kuambiwa na mtaalamu yeyote. Nitakalokwambia sasa hakuna awezaye kukwambia isipokuwa mimi, kwa sababu sikuwahi kulitamka hata mbele ya wifi yako.

Ijumaa ile niliyokuja kwako nilikuwa nimechelewa basi. Nikajisemea nianze na wekundu leo, wana kazi nyingi, niwamalize upesi, weupe nitawapitia kidogo nikitoka. Mara ya kwanza katika miaka kumi na sita. Nikaingia kwa mlango wa nyuma. Na mazoea yangu, Dada, ni kukata majani ya kuchukua nyumbani pale ninapoanzia kazi, safu ya kwanza, kwa sababu siku zote ninapoanzia ni kwa weupe. Mikono ikafanya ilivyozoea. Nilikuwa naangalia koti lisichafuke. Miwani niliiacha nyumbani kwa kuwa inanizeesha. Nikaipigapiga miche wadudu watoke, lakini asubuhi ilikuwa ya baridi, na kirukaji akiwa na baridi haruki, anang'ang'ania ndani ya kikunjo cha jani. Nikajaza gunia. Nikalilowesha maji vizuri ili majani yakufikie yakiwa hai. Na wao wakafika hai.

Jumatatu nilipoingia kazini nikakuta safu ya weupe haijaguswa, uwele umesimama wote, na kizimba chenye utepe mwekundu kimenyolewa kama kichwa cha mwanafunzi. Nilisimama pale. Nilijua, Dada. Mahindi yako yalikuwa bado mazima siku hiyo. Simu ilikuwa mfukoni. Ningekwambia tu choma yale majani sasa hivi, fukia, ng'oa mistari mitatu ya ukingoni, pengine ingetosha. Lakini kukwambia hivyo ilikuwa ni kukwambia kwamba Daktari hajui kutofautisha nyekundu na nyeupe, na kama ingefika hapa kituoni ningemwaga unga. Nikajipa moyo kwamba wadudu wamekufa njiani. Nikakupigia kweli siku hiyo. Tuliongea nusu saa, nikakutania habari za lango.

Basi ni hivyo. Mimi ndiye niliyeleta ugonjwa, gunia nimelibeba begani mwangu. Kisha nikakubali mwingine abebe lawama, na huyo mwingine ndiye aliyenitua.

Jumapili iliyopita nilimfuata kwa binti yake. Wanaishi chumba kimoja na nusu nyuma ya karakana ya kuchomelea, kelele tupu. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki anatenganisha skrubu za mkwewe kwenye makopo, kubwa huku, ndogo kule. Nilimwambia yote kama nilivyokwambia wewe, pamoja na muhuri. Nilipomaliza aliniuliza kama wewe unajua. Nikasema hapana. Akasema basi nisije nikalisema mkutanoni kabla wewe hujalijua, kwa sababu wewe ndiye uliyeanza kumwaga, na haifai ulisikie mbele za watu. Nilipomtolea kopo la punje mpya alilifungua, akamimina chache kiganjani, akazitazama muda mrefu, akazirudisha moja moja. Akanirudishia kopo. Alisema yeye hana tena moshi wa kuzitundikia, apewe mwenye ufunguo.

Sikuondoka mara moja. Nilivuta muda, nikauliza habari za miguu yake, nikasifu makopo ya skrubu. Nilikuwa nangoja aulize habari za lango lako. Hakuuliza.

Leo asubuhi nimemweleza Mkuu wa kituo. Ni mama mkimya, hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. Aliniomba funguo za vizimba na koti, akaandika kitu, akasema nitaitwa. Kwa hiyo usimlaumu mtu kwa koti. Lilitoka lenyewe.

Dada, naomba mambo mawili na sina haki ya hata moja. La kwanza ni la shamba, na halingoji hasira yako iishe: fyekeni ukoka na nyasi zote nyuma ya zizi na kando ya kijito kabla ya mvua, maana virukaji bado wamo humo wanangoja mahindi yaote. Na mpande wote kwa wakati mmoja. La pili ni hili. Jumamosi nitasimama mbele ya watu nilitaje jina langu. Ukipenda, isome barua hii kwanza wewe mwenyewe mbele yao, na ukifika kwenye debe la kwanza, uruke. Mimi sitasema ni nani aliyelimwaga. Wanajua, lakini sitasema. Ufunguo ukiukubali au ukiukataa ni shauri lako. Kopo ninalo, nitakukabidhi wewe.

Nitapanda basi la kwanza. Usije kunipokea kituoni. Nikikuta lango limefungwa nitakaa hapo nje mpaka uamue, nami nitaiangalia ile bawaba ya chini. Nasikia imeanza kulegea kweli.

Wifi yako anakusalimu tena, na hajui ninachokuandikia. Nitamwambia nikishaipeleka posta, kabla roho haijageuka. Wasalimie wapwa zangu, waambie mjomba yao anakuja mikono mitupu mara hii. Msalimie mshona nguo, na kama ataniita kwa jina lile, mwambie sivyo. Ng'ombe msalimie pia, yeye peke yake ndiye aliyefaidi majani yale.

Ni mimi mdogo wako uliyemlea,

Mfuga wadudu